Kidimbwi Kilichokosa Mwenyewe

Siku tuliyomsomea hitma baba mkwe wangu, huko Barani, naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa miaka ya themanini, nami nilikuwa bado mgeni katika nyumba ile. Mengi ya ujana nimeyasahau. Hili limekataa kusahaulika.

Baba mkwe alikuwa seremala, mtu wa maneno machache. Nyuma ya nyumba alikuwa na bustani, na katikati yake kidimbwi alichokichimba na kukijengea saruji mwenyewe. Maji ya paani yaliingia humo, nayo ndiyo tuliyomwagilia mboga na asumini. Alikilea kama mtu aleavyo mwana. Kusi likivuma na kuangusha majani ya ule mti wa mkungu uliokiinamia, aliyaopoa kila asubuhi kabla hayajaoza. Vuli ikikaribia, alizibua mfereji. Kaskazi, jua likikausha maji, aliteka kisimani akaongeza, ili perege wake wasife, maana hao ndio waliokula viluwiluwi vya mbu. Masika ndiyo hakubanduka kabisa, akiondoa yale magugu madogo ya kijani yanayoelea na kuenea upesi kama uvumi. Alikuwa akisema kwamba maji usiyoona chini yake si maji ya kukaa nayo nyumbani.

Alifariki kusi likianza. Tukabaki nyumbani mama mkwe, mwanawe mkubwa Salimu na mkewe Mwanaisha, na mimi na mume wangu Omari, aliyekuwa mdogo. Majani ya mkungu yakaanza kujaa majini. Salimu akasema kidimbwi kiko upande wa chumba cha Omari. Omari akasema vya baba hutazamwa na mwana mkubwa. Hawakugombana kwa sauti, la. Walinuniana tu, kila mmoja akipita pale akiangalia kando. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Lakini, mwanangu, afadhali ungekuwa umaskini.

Kaskazi ilipofika perege wakaelea matumbo juu. Mbu wakatuzidi, mama mkwe akashikwa na homa. Akawaita wanawe akawaambia wakisafishe kidimbwi, au wakifukie. Wakaitikia wote wawili. Na kazi wakiiitikia wawili, mara nyingi ni kama hakuna aliyeitikia.

Kisha mvua za masika zikashuka. Kidimbwi kikajaa, magugu yakatanda juu hata ukingo usionekane. Ungepita pale ungedhani ni nyasi.

Salimu na Mwanaisha walikuwa na binti, Aziza, ndiyo kwanza ameanza kukimbia. Siku hiyo ya hitma ya mwaka nyumba ilijaa watu. Wanaume walikuwa barazani wakisoma, sisi wanawake uani na masufuria ya pilau. Mwanaisha alidhani mtoto yuko kwa bibi yake. Bibi alidhani yuko kwangu. Mimi nilidhani yuko barazani kwa babake, kwa kuwa alizoea kumkalia mapajani.

Wakati wa kupakua, Mwanaisha akamuulizia. Tukatazama vyumbani, tukatazama njiani, tukaulizana kwa majirani. Omari ndiye aliyeona magugu yamepasuka mahali pamoja na maji meusi yakichungulia. Akajitupa na kanzu yake. Alipotoka na mtoto mikononi, hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Pilau ile, mwanangu, ililiwa na waliokuja kuzika.

Kesho yake Salimu alichukua jembe akaanza kusukumia mchanga kidimbwini, akilia kama mtu asiyejua kwamba analia. Mama mkwe akatoka ndani, akamshika mkono.

"Maji utayafukia, Salimu," alisema. "Na huku kutegeana kwenu, mtakufukia wapi?"

Salimu akaketi pale pale juu ya mchanga. Omari akaja na ndoo, akaanza kuyateka maji. Baada ya muda Salimu akainuka, akachukua ndoo yake. Walifanya kazi hiyo hadi saruji ikaonekana.

Ningependa kukwambia kwamba walipatana. Sivyo. Mwanaisha alikwenda kwa wazazi wake Takaungu kukaa na msiba wake, asirudi tena Barani. Salimu alimfuata mara kadhaa, akarejea peke yake. Yeye na mume wangu waliamkiana kwa adabu mpaka wakazeeka, lakini adabu si udugu. Mama mkwe hakuimaliza masika iliyofuata. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi nakuusia, mwanangu. Kitu cha wote kipe mtu mmoja wa kukitazama, na jina lake litajwe mbele ya wote. Mkirithi nyumba wewe na nduguzo, kabla ya kugawana vyumba ulizaneni taabu zake ni za nani. Na wote wakinyamaza, inama wewe, hata kama si zamu yako, hata wakikuona mjinga. Mgongo ulioumia kwa kuinama hupona. Na penye watu wengi, mtoto mkabidhi mtu mkononi, umwone amempokea, usimwachie halaiki.

Mola akupe mkono unaotangulia ulimi. Akuwekee wanao mbele ya macho yako, akupatanishe na nduguzo mngali hai, na asikuonyeshe tulichokiona sisi. Amina.