Imla ya Shindano

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya msingi mtaani Nyalenda, nilikabidhiwa boksi la chaki, kifutio na darasa la sita. Mwalimu Mkuu, mama mrefu aliyefunga miwani kwa kamba shingoni, aliniambia jambo moja tu: "Mwalimu Odhiambo, mtihani haufichi kitu. Ukiwa na upungufu, utauona."

Nilidhani anazungumzia wanafunzi.

Mwisho wa muhula tulifanya imla. Katika imla mwalimu husoma sentensi mara mbili, na mwanafunzi huandika alichosikia. Darasa langu lilikuwa limejiandaa. Nilikuwa nikiwaona wakisomeana sentensi kwenye foleni ya maji. Siku ya mtihani nikasoma, miongoni mwa nyingine, hii: "Watoto wa Nyalenda hawakuogopa shindano."

Wote waliandika "sindano".

Mwalimu Mkuu alikagua karatasi, kisha akanifuata darasani. "Kosa moja, darasa zima? Hawa wameibiana. Nitafuta alama zao, na darasa la saba wasahau mwaka huu. Nani alianza?"

Kisha akasimama Akinyi, msichana aliyeshika nambari ya kwanza tangu nifike.

"Hatukuibiana, Mwalimu. Tuliandika vile Mwalimu Odhiambo alisoma."

"Alisoma nini?"

"Sindano. Nikaona ni sawa tu. Kuna watu huogopa sindano."

Mwalimu Mkuu akanigeukia. "Hebu soma tena, Bwana."

Nikasoma. Watoto wakainamisha vichwa, mabega yakitikisika. Dholuo, lugha niliyonyonya, haina sauti ya "sh", nami nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu nikiita shamba "samba", bila mtu kunisahihisha.

"Aliyeanguka hapa ni mmoja," akasema Mwalimu Mkuu, "na hakuketi kwenye dawati." Alama za watoto zikabaki.

Wiki hiyo nilinunua daftari, nikaandika kosa langu na sababu yake: "Sijui kutamka." Kila asubuhi nilipokuwa nikinyoa ndevu nilifanya mazoezi ya shati, shamba, shindano. Kisha nikawaagiza wanafunzi nao wawe na daftari la makosa. Baada ya kila mtihani waliandika walichokosa na sababu: sikujua, nilisahau, niliharakisha, nilisikia vibaya. Mtihani uliofuata walijiandaa kwa daftari hilo. Akinyi aliponionyesha lake, sababu ya kwanza ilikuwa: "Nilimwamini mwalimu."

Miaka ilipita, nikahamishiwa shule ya Kisian, nikawa mwalimu wa mitihani, yaani mtungaji na mtunzaji wa karatasi zote za shule. Nilimalizia kazi katika shule ya Obunga. Nimesahau alama nyingi nilizotoa. Lakini najivunia watoto waliozoea kulitazama kosa bila kulia na kuuliza limetoka wapi. Hiyo ndiyo faida ya mtihani niliyoiona kwa macho yangu.

Nilipostaafu, Akinyi, sasa Mwalimu Akinyi, alinialika darasani kwake. Akanipa chaki. "Mzee, wasomee imla. Ile yetu."

Nilisoma mara mbili, polepole. Tukakusanya madaftari. Wote walikuwa wameandika "shindano", isipokuwa kijana mmoja wa nyuma.

Nikampelekea daftari lake. "Kwa nini umeandika sindano?"

Akalitazama daftari. "Niliharakisha, Mwalimu. Wewe ulisema vizuri."

Akinyi alicheka mpaka akatafuta kiti.