Jua Halimngoji Bibi Harusi

Mtaani kwetu Umoja watu hawajui mafundisho ya kanisa langu, lakini wote wanaujua mlango wa saluni yangu. Ijumaa jioni jua likianza kuaga, mimi nateremsha mlango wa chuma, hata kama kuna mteja nje ananiita kwa majina yote mazuri. Mimi ni Msabato, mtoto wa Wasabato kutoka magharibi mwa nchi, na kwetu Sabato huingia na machweo ya Ijumaa. Haingoji Jumamosi asubuhi. Sasa niambie, msusi gani anafunga Ijumaa jioni? Ndiyo saa ambayo nusu ya wanawake wa Nairobi wanataka kichwa cha wikendi! Nimeitwa mjinga, nimeitwa mshamba, na bado nafunga.

Huku kwetu maghorofa yamebanana hivi kwamba jua lenyewe hulioni likitua. Mimi hutazama matangi meusi ya maji yaliyo juu ya paa. Mwanga huondoka kwanza kwenye matangi ya nyumba fupi, kisha ya zile ndefu, na ukiondoka kwenye tangi la juu kabisa, lile la nyumba ya kona, basi. Kitana chini.

Kibanda cha mama mboga kimeegemea ukuta wa saluni yangu, na huyo ndiye rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Ni Mkatoliki, mtu wa Ukambani, mwenye kicheko kinachosikika hadi stendi. Mimi nikienda msalani yeye huangalia saluni, yeye akienda kuchota maji mimi huuza nyanya zake, vibaya, na ananisema. Tumeleleana watoto. Tumezikiana wazazi. Lakini alikuwa na donda moja ambalo hakulizungumzia ovyo. Yeye na mzee wake, dereva wa lori, walianza kukaa pamoja wakiwa vijana, wakazaa, wakalea, na kanisani hawakuwahi kufunga ndoa. Kwa hiyo hakuwa anapokea komunyo. Kila Jumapili aliimba na wenzake, akasali na wenzake, na ilipofika saa ya kupanga foleni kwenda mbele, yeye alivuta magoti pembeni ili wengine wapite.

Siku moja akichambua mboga za terere aliniambia bila kuniangalia, "Mimi, dada yangu, nimekuwa mtu wa kupisha." Nilichukua fungu la terere nikamsaidia kuchambua.

Basi ile siku aliyoingia saluni kwangu na kabichi mkononi, amesahau hata kuiweka chini, nilidhani kibanda kimebomolewa na askari wa jiji. Kumbe mzee ametoka safari ya mpakani, amekunywa chai, amefuta mdomo na kusema, "Twende kwa padri." Hivyo tu! Miaka yote ile ya kunung'unika, na jambo likaja na kikombe cha chai. Tulirukaruka mle ndani na ile kabichi mpaka mteja wangu aliyekuwa na dawa kichwani akaanza kulia kwamba inamchoma.

Harusi ikapangwa Jumamosi asubuhi. Kichwa, tukakubaliana, ni Ijumaa alfajiri: rasta nyembamba, ndefu, za kufungwa juu chini ya shela. Niliwafukuza wateja wengine wote. Nikapika chakula cha Sabato tangu Alhamisi, nikapiga viatu vya watoto rangi, nikafungua saluni mapema nikiwa na furaha ya mtu anayeolewa yeye mwenyewe.

Bibi harusi hakuja.

Saa mbili, kimya. Saa nne, kimya. Nikafunga aproni vizuri nikaenda kwake. Uani niliwakuta wajomba zake kutoka Ukambani, wamekaa kwenye viti vya plastiki na nyuso za mahakamani. Kwa Wakamba, padri ni padri, lakini mwanamke hajaolewa mpaka mbuzi wa ntheo watoke kwa mume waende kwa watu wake. Desturi yenyewe hufanyiwa nyumbani kwao, ila wajomba walikuwa wamekubali, kwa shingo upande, ifanyike hapa Umoja kwa sababu ya harusi. Na bwana harusi, ambaye ni mtu wa magharibi kama mimi na hajui mbuzi wa Kikamba anafananaje na mbuzi mwingine, alikuwa amenunua mmoja mwenye sikio lililochanika.

"Huyu ni wa supu," mjomba mkubwa alikuwa akisema. "Wa ntheo hana kilema. Mtoto wetu alikuwa na kilema?"

Bwana harusi alikuwa ameshakimbilia soko la mbuzi la Kiamaiko kutafuta mbuzi mwenye masikio kamili. Rafiki yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, leso kichwani, haruhusiwi kutoka, maana lazima aulizwe mbele ya wote kama anawajua watu wa mume walioleta mbuzi na kama anawakubali. Alinitazama kwa macho ya kuomba msaada.

Mimi nina mdomo. "Mzee wangu, shikamoo," nikasema, "nywele za bibi harusi zinangoja, na mimi nafunga jioni."

"Marahaba, mama," akanijibu taratibu. "Nywele zimengoja tangu huyu kijana amchukue binti yetu bila kutuaga. Zitangoja mbuzi."

Nilirudi saluni nikiwa natoa moshi. Nikapanga vitana, nikavipangua, nikafagia sakafu iliyokuwa safi. Karibu saa kumi ndipo nilisikia vigelegele nyuma ya nyumba, kisha viatu vya mtu anayekimbia, na rafiki yangu akaingia akihema, ananuka moshi na mbuzi, anacheka na kulia kwa pamoja. "Wamekubali! Wamekula! Nisuke!"

Nikafungua leso. Mungu wangu! Kichwa kimejaa nywele nene, zimesokotana, na hata hazijaoshwa. Rasta nyembamba kwa mikono yangu miwili ni kazi ya siku nzima. Nilitazama juu. Kivuli kilikuwa tayari kimepanda nusu ya ukuta wa nyumba ya kona.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na saluni nyingine, na mimi na mwenyewe hatukuwa tukisalimiana. Ni mdogo kwangu kwa umri, mlokole wa spika kubwa mlangoni. Aliwahi kuniuliza mbele ya wateja kama Mungu wangu anafunga kazi jioni kama benki, nami nikamjibu kwamba wake hafungi kwa sababu kelele zake hazimpi nafasi. Tangu siku hiyo kila mmoja wetu alitazama upande wake wa barabara. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi nilikuwa na vidole kumi tu. Nikamwambia rafiki yangu aoshe kichwa, nikavuka barabara nikiwa nimekimeza kiburi changu kama dawa chungu.

"Niaje, Msabato," akasema, haachi kusuka. "Leo umepotea njia?"

"Nina kichwa cha bibi harusi wa kesho, na jua linanikimbia. Naomba mikono."

Aliniangalia kutoka juu hadi chini. Nilijua ana jibu kali ulimini, na haki ya Mungu nilistahili kulipata. Kisha akachungulia ng'ambo, akamwona mama mboga ameinamia beseni. "Ni yule mathe wa sukuma? Ndio anafunga ndoa?" Akageuka kwa mteja wake. "Madam, wewe kesho unaenda tu kazi, si ndio? Tulia hapo kwa draya, nakuja." Akanyakua kitana, akamvuta mwenzake wa kazini mkono, na wakavuka barabara kabla yangu.

Sijawahi kusuka vile maishani. Sisi watatu tulikizunguka kile kichwa, mmoja nyuma, mmoja kila upande, na rafiki yangu katikati akivutwa kama hema. Vidole vilikuwa vinaruka! Mlokole ana mkono mwepesi kuliko wangu, nasema hadharani, na nilikuwa nikimwonea wivu na kumshukuru kwa pumzi moja. Tulianza kuimba ili mikono isilegee, tukagombana kuhusu wimbo. Wangu aliuita wa matanga. Wake mimi nikauita wa kufukuza panya. Bibi harusi akaamua kwamba kichwa ni chake, akaanzisha wimbo wa Kikatoliki, akawa anapiga mapigo kwa miguu chini, nasi tukafuata maneno tusiyoyajua vizuri.

"Mwambie Mungu asimamishe jua," mlokole akanitania. "Si alishafanya zamani?"

"Suka, wewe!"

Mwanga ukatoka kwenye matangi ya nyumba fupi. Yule mwenzake wa kazini akaondoka, ana kesha kanisani na watoto hawajala. Tukabaki wawili. Nyuma tukamaliza. Pembeni tukamaliza. Mlokole akavuka kidogo kwenda kumtoa mteja wake kwenye draya, maskini, alikuwa karibu kuiva. Nikabaki peke yangu na sehemu ya mbele, juu ya paji la uso, pale ambapo shela haifichi kitu. Nikainua macho. Mwanga ulikuwa umeondoka kwenye tangi la nyumba ya kona.

Mikono ilisimama yenyewe. Imezoea, haihitaji kuambiwa. Nikamtazama kwenye kioo: mwanamke mwenye rasta nzuri kuliko zote nilizowahi kusuka, na hapo mbele kichaka. Nikamwazia akienda mbele ya padri hivyo, na wajomba wale wakimtazama. Nikakumbuka yule ng'ombe wa kwenye Injili aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato, na kwamba hakuna anayemwacha huko. Tangu utoto wangu, hata kifungo sikuwa nimewahi kushona baada ya jua kutua Ijumaa. Nikashika kitana tena.

"Kaa sawa," nikasema. "Namaliza."

Alikuwa ameona tangi kama mimi. Kibanda chake kinatazama nyumba ileile, na kwa miaka mingi amenisikia nikiteremsha mlango. Aliondoa kichwa mikononi mwangu.

"Hapana."

"We, usinichezee. Kesho ni harusi yako!"

"Najua ni yangu." Akageuka kwenye kiti mpaka tukawa uso kwa uso. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Dada, mimi najua kukaa nje ya kitu unachokipenda. Nimekaa huko miaka yote hii. Siwezi kwenda mezani kwa Bwana kesho kwa kukutoa wewe kwenye Sabato yako. Nitafunga kitambaa mbele. Padri hafungishi ndoa nywele."

Nililia. Mimi si mtu wa kulia mbele ya wateja, lakini nililia na kitana mkononi, kwa hasira, kwa upendo, sijui. Tulikuwa tumeshikana hivyo wakati mlokole aliporudi.

"Nini? Nani amekufa?"

Tukamwonyesha kichwa. Tukamwonyesha dirisha. Alielewa, na nilingoja ile kauli ya benki. Badala yake alienda mlangoni, akauteremsha mlango wangu hadi nusu ili mtaa usiseme kwamba leo Msabato amefungua. Kisha akarudi, akaninyang'anya kitana, akanionyesha benchi ya wateja.

"Wewe kaa. Usiguse hata unywele. Mimi siku yangu ni Jumapili, na nina mikono. Na maji ya moto ya kuchovya ncha za rasta zisifumuke nitachemsha kwangu, usiniletee maneno."

Nikakaa. Kupumzika hakujawahi kuniwasha vile! Mikono yangu ilitaka kwenda, nikaibana katikati ya magoti, nikamtazama mwanamke niliyekuwa simsalimii akisuka nywele za mbele za rafiki yangu, polepole sasa, kwa upole, akipuliza kila mstari. Alipomaliza alizifunga zote juu, akarudi nyuma, akashika kiuno. Akasema, "Sasa hata mbuzi watatamani kurudi." Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Akiinama kupita chini ya mlango, alinigeukia: "Sabato njema, mkaidi wewe." Nikamjibu Sabato njema, na Jumatatu nilimpelekea chapati.

Asubuhi nilienda kanisani kwangu kama kawaida. Lakini mahubiri yalipoanza sikusikia neno. Nikainuka, na mzee wa kanisa mlangoni aliponiuliza kama ninaumwa, nikamwambia naenda kumwona mtu akila. Sijui alielewa nini. Nilikunja sketi kidogo nikakimbia, mwanamke wa umri wangu, na viatu vya Sabato.

Niliingia kwa Wakatoliki nikabanwa nyuma kabisa. Viapo vilikuwa vimeshapita. Bwana harusi alikuwa amevaa suti iliyomshinda mabega, anatoa jasho. Wajomba walikuwa mstari wa mbele, wametulia. Na yeye, rafiki yangu, paji la uso limeng'aa, rasta zimepanda juu kama kilemba cha malkia. Padri akashuka na kikombe cha komunyo. Rafiki yangu akasimama. Akaenda. Nilimwona akifungua mdomo, akafumba macho, na alipogeuka kurudi alikuwa anatafuna polepole sana, hana haraka na mtu yeyote duniani, na machozi yakishuka mpaka kwenye shela.

Najua watu wa pale hunyamaza saa hiyo. Mimi nilipanda juu ya benchi nikapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika Buruburu. Kila shingo iligeuka. Mwangalizi mwenye utepe mabegani akaja mbio akanigusa mkono.

"Mama, tafadhali, keti."

"Baba," nikamwambia, "nimeketi tangu jana jioni. Leo siketi." Nikapiga kingine.