Kocha wa Baada ya Magharibi

Pale Kediri, kisiwani Java, hakuna aliyemfikia Pak Tukiran, muuza kahawa, kwa hesabu ya siku za kuzaliwa. Mashabiki hawakumkubali kocha mpya mpaka yeye ampime kama ataelewana na timu. Kocha aliyepita, Tukiran alimpitisha kwa mbwembwe, timu ikashuka daraja. Kumbe yule bwana alizaliwa baada ya magharibi, na kwa Wajava hiyo ni siku ya kesho yake!

Leo kuna majina matatu ya makocha wanaotakiwa.

"Pak, mzee wetu, tupimie! Au unataka tushuke tena?" Shabiki mmoja, Darsono, akamchokoza. Kibanda kizima kikacheka.

Tukiran hakuona hata haya; moyo ulishakufa ganzi. "Pima mwenyewe."

Darsono akahesabu kwa vidole, akaruka siku moja. Tukiran aliliona kosa, akammiminia kahawa.