Nusu Nyingine ya Firigisi

Krismasi iliyopita mjukuu wangu wa kike alinialika kwake, hapa hapa Kitale. Ana mume mzuri, kijana wa benki, mtu wa kucheka. Chakula kikaletwa, kila mtu na sahani yake, na bakuli la kuku likawekwa katikati ya meza. Huyo mume akatia kijiko ndani ya mchuzi, akatafuta-tafuta, akatoa firigisi, akaiweka kwake. Akaniangalia. "Hii ni ya mwenye boma, Kukhu. Si wewe ndiye unajua mila?" Wakacheka wote. Mimi nikanyoosha mkono, nikaitoa kwenye sahani yake, nikaiweka kwenye yangu. Wakacheka zaidi, ati Kukhu, yaani nyanya yao, amezeeka amerudi utoto.

Kijana aliyeshiba hasikii vizuri. Lakini wewe umekaa, chai yako bado moto, basi nitakueleza ile firigisi nimeitoa wapi.

Wakati huo wazungu walikuwa bado wanashika mashamba ya Kitale, na mimi nilikuwa msichana tu. Masomo sikuwa nayo. Nilikaa darasani mpaka nikajua kuandika jina langu na kusoma Biblia polepole kwa kidole, baba akasema inatosha. Usinionee huruma. Nyumba ninayolala ni ya mawe, na nimeijenga mimi. Nilitolewa kwetu Bungoma baada ya mvua ya kupanda, nikaletwa kwa mume aliyekuwa anaongoza ng'ombe wa kulima kwa mzungu mmoja upande wa mlima. Tukapewa nyumba ya nyasi kwenye kambi ya wafanyakazi. Kitale ya siku hizo ilikuwa na baridi ya kuuma meno. Asubuhi nyapara anagonga kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti, na ukichelewa kidogo unasikia jina lako linatukanwa kutoka mbali. Wakati wa kuvuna, majani ya mahindi yalitukata mikono, vumbi la mabua likaingia puani, na jioni tulipukuchua mpaka vidole gumba vikavimba. Hata leo nikisikia harufu ya mahindi makavu, mgongo unauma wenyewe.

Tulikuwa na sahani moja. Sahani ya bati, nyeupe, ukingo wa buluu, mume wangu aliinunua kwa Mhindi wa duka kabla ya kunioa. Jioni ya kwanza nikampakulia, nikaiweka mbele yake, nikageuka kwenda kukaa karibu na moto kama nilivyomwona mama yangu akifanya maisha yake yote.

"Unaenda wapi?" akaniuliza.

"Kukaa."

"Si ukae hapa. Mimi sikuoa ili nile nikitazama ukuta."

Basi nikakaa. Mwanzo ugali haukupita kooni. Baadaye ukapita. Baadaye nikawa ndiye namaliza mboga, na yeye analalamika.

Sasa kuku. Kwetu mwanamke alifuga kuku, akamwita kwa mtama, akamkimbiza kumkamata jua likiwa kali, akamnyonyoa, akampika, akampeleka kwa wanaume, halafu yeye akala ugali na mboga. Ati mwanamke akila kuku atazaa mtoto wa kuparua chini kama kuku. Hakuna aliyekuwa amemwona huyo mtoto, lakini kila mtu alimwogopa. Siku moja mwewe akapiga kuku wetu, akamwangusha hapo nje. Mume wangu akasema nyama haitupwi, pika. Nikapika. Akachukua kisu chake cha kukatia kamba za ng'ombe, akakata firigisi katikati, akanisukumia nusu.

"Kula."

"Mimi ni mwanamke."

"Najua. Si mimi ndiye nilikuoa?"

"Na mama yako akisikia?"

"Mama yuko Bungoma. Ana masikio makubwa, lakini hayafiki hapa."

Nikala. Nikangoja kufa. Sikufa, nikaomba paja.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo kawaida yetu. Kila tukipata kuku, nilikata firigisi katikati mwenyewe kabla ya kuitia sufuriani, nusu yake, nusu yangu. Hapo kambini hakuna aliyetuuliza. Kulikuwa na Wateso, Waturkana, Wanandi, kila mmoja na miiko yake na njaa yake. Mkono wangu ukazoea. Kumbuka hilo, kwamba mkono ulizoea.

Krismasi ikakaribia, ya kwanza tangu niolewe, na ilibidi twende kwa baba mkwe, upande wa Mabanga, huko huko Bungoma, nionekane. Nilikuwa na jogoo mwekundu niliyemlea tangu akiwa yai, nikamfunga miguu, nikamtia kapuni. Ile sahani nikaiosha, nikaifunga ndani ya leso. Mume wangu akaniona. Alikuwa anafunga kamba za viatu vyake vipya.

"Sahani ya nini? Kule kuna vyombo."

"Kule tutakula aje?" nikamuuliza.

Hakuinua kichwa. "Kule ni kule," akasema.

Tulipanda lori la magunia la yule yule Mhindi wa duka, nikakaa juu ya mahindi, jogoo katikati ya magoti yangu, vumbi la Desemba likitupaka rangi moja sisi wote. Njia nzima nilikuwa natafuna hayo maneno. Kule ni kule. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba nilikuwa mke wake Kitale, na huko tunakoenda nitakuwa mpishi? Nikaamua hapo hapo juu ya magunia. Nitamtazama. Kama mbele ya baba yake atanikana, lori likirudi Kitale litarudi na yeye peke yake, mimi nitashuka kwa mama yangu. Sikumwambia. Mtu haambiwi anapopimwa.

Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa, koti jeusi, kofia, sauti ya kutoka tumboni. Mama mkwe alinipokea kwa kunipima kiuno kwa macho kuona kama kuna mtoto. Mtu aliyenipenda mara moja ni nyanya ya mume wangu, mama yake baba mkwe, kikongwe asiye na jino hata moja, anavuta kiko siku nzima karibu na jiko. Siku ya Krismasi tukaenda kanisani, nguo nyeupe zimepigwa pasi ya makaa, tukaimba mpaka vumbi likatoka kwenye nyasi za paa. Tukarudi na njaa. Wanaume wakaingia nyumba kubwa. Sisi wanawake jikoni.

Jogoo wangu akachinjwa. Nikamnyonyoa, nikambabua juu ya moto, nikaanza kumkata. Kuku kwetu ana wenyewe: paja la huyu, kidari cha yule, bawa la vijana. Firigisi ni ya mwenye boma. Inapasuliwa kuoshwa, lakini haitenganishwi. Inafika mbele ya mzee ikiwa nzima. Nililijua hilo tangu utotoni. Lakini nilikuwa nacheka na yule kikongwe, ananiuliza kama ni kweli mzungu anamkumbatia mbwa, na mkono ukafanya kazi peke yake. Kisu kikapita. Vipande viwili vikaanguka kwenye sinia.

Mama mkwe akaacha kukoroga ugali.

"Wewe msichana. Umekata nini?"

Nikaweka kisu chini.

"Mkono haujui kitu ambacho haujafanya," akasema polepole. "Huko Kitale, nani anakula hiyo nusu nyingine?"

Angeweza kuificha bakulini, chini ya mapaja ya kuku. Hakuificha. Akapika, akapakua, akaweka vile vipande viwili juu kabisa ya bakuli, akalibeba mwenyewe. Mimi nikafuata na birika na beseni la kunawia mikono, macho chini, maana mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni.

Baba mkwe akainua kijiko. Akakishusha.

"Mtoto wangu," akamwambia mume wangu, "bibi yako ameniletea firigisi ya vipande viwili. Nani anakula hiyo nusu nyingine?"

Nikiwa pale mlangoni niliona miguu tu, na nikaona kidole cha mume wangu kinachezea kamba ya kiatu. Ndipo shemeji yangu mmoja akacheka. "Labda ni paka, mzee. Huko kwa wazungu paka wanakula firigisi, bana." Wakacheka wote. Alikuwa anamfungulia ndugu yake mlango wa kutokea. Mume wangu alihitaji kucheka tu, mambo yaishe. Na hakucheka, lakini hakusema. Nikahesabu pumzi zangu. Kisha nikachoka kuhesabu, nikaweka birika chini kwa kishindo.

"Mimi si paka," nikasema.

Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza mbele ya baba mkwe.

"Wewe sikukuuliza," akasema.

Mume wangu akasimama. Nikafikiri anatoka. "Ni yeye, baba," akasema. "Hiyo nusu ni yake. Tunakula sahani moja."

"Hapa si Kitale."

"Najua hapa si Kitale. Lakini mimi ni yule yule." Akanigeukia. "Sahani yetu iko wapi?"

Nilikimbia kuileta, bibi arusi mzima na nguo nyeupe, nikaifungua kutoka kwenye leso hapo mbele yao. Akatwaa nusu ya firigisi, akatwaa ugali, akaketi kizingitini, wala si ndani na wanaume, wala si nje na wanawake. Nikakaa kando yake. Nikatafuna kwa nguvu, wasikie.

Baba mkwe akasukuma bakuli. "Mimi sili mabaki ya mwanamke."

"Kama hutaki, leta huku," sauti ikasema nyuma yetu. Alikuwa yule kikongwe, amejikokota na fimbo kutoka jikoni, kiko bado kinywani.

"Mama, hii ni firigisi," baba mkwe akasema, kama mtu anayemweleza mtoto.

"Najua ni firigisi. Nimekupikia tangu unatambaa."

Ungemwambia nini? Ni mama yake. Akapita katikati yetu, akachukua ile nusu kwa vidole, akaitia mdomoni. Meno hana. Akaimung'unya. Wanaume wakala, wakamaliza, wakanawa, yeye bado anaimung'unya, shavu limevimba upande mmoja. Jua likapita nyuma ya nyumba. Mwishowe akaitoa, akaigeuza mbele ya macho, akamtazama mwanawe.

"Ndiyo hii tu?" akasema. "Miaka yote hiyo? Mimi nilidhani ni kitu."

Shemeji yangu akacheka mpaka akaanguka kwenye kiti. Baba mkwe akavaa kofia akaenda kukaa zizini na ng'ombe wake.

Tuliondoka kesho yake, hakuna aliyetusindikiza ila mama mkwe. Tulipofika barabarani akanitia kapuni kuku jike, mtetea wa kijivu. Nikafungua mdomo nimshukuru. "Sijasema kitu," akanikata. "Beba tu." Sijui mpaka leo kama huyo mama aliwahi kuonja kuku. Lakini huyo mtetea ndiye alianza. Alitaga, akaatamia, nikauza, nikaongeza, mpaka hoteli za mji zikawa zinanijua kwa jina. Kuku ndio walijenga nyumba yangu na kusomesha watoto, na kati ya watoto hao hakuna hata mmoja aliyeparua chini.

Baba mkwe hakuniomba msamaha, nami sikumwomba. Miaka mingi baadaye akaletwa hospitali ya Kitale, akakaa kwangu akingoja nguvu. Nikampikia kuku. Nikamletea nusu ya firigisi. Akaitazama, akaila yote, akalamba kidole. Hakuuliza ile nyingine iko wapi. Alijua.

Siku hizi kambi ile hakuna, ni mahindi tu mpaka mlimani, na hakuna anayegonga reli. Kuku wa siku hizi analiwa siku yoyote, hana ladha, hana mwenyewe. Sahani yetu ilitoboka. Vifaranga wangu wanakula ndani yake. Na mume wangu amelala Mabanga, karibu na baba yake, wamalizane huko.

Basi pale mezani kwa mjukuu nikaomba kisu. Wakanipa, wakiangalia kama Kukhu atajikata. Nikakata firigisi katikati, nikamsukumia mjukuu wangu nusu.

"Aai, Kukhu," akasema, "mimi firigisi siipendi."

Haipendi. Nikamtazama yule mtoto. Anaweza kusema haipendi, na hakuna mtu aliyeacha kutafuna, hata mumewe hakuinua kichwa. Nikala nusu yangu. Ile nyingine ikabaki kwenye ukingo wa sahani, inapoa, na nikasikia mama mkwe akiniuliza tena, wazi kabisa, kama amesimama na mwiko wake hapo mlangoni: nani anakula hiyo nusu nyingine?

Nikaila na hiyo.