Mmarekani wa Malindi

Mwaka 1968 ilikuja posa nyumbani kwa Bi Nasriya, katika mji wa bandari wa Matrah, pwani ya Waarabu. Amur, kijana mpole mwenye duka la vitambaa, alimtaka Kheiria, bintiye wa pekee. Nasriya alifurahi kupita kiasi. Miaka mitatu nyuma alishuka bandarini hapo kutoka Unguja, mjane mwenye mtoto na cherehani, akaanza kushonea watu nguo.

Ila mama yake Amur, Bi Sayyida, alikuwa na neno. Alilisema kwa adabu, kikombe cha kahawa mkononi.

"Niwie radhi, dada yangu. Nasikia baba yake bibi yako alikuwa Mmarekani. Alikuwa nani hasa? Namuoza mwanangu, lazima niulize."

Nasriya akamwongeza kahawa, akaomba apewe siku chache. Kwao, Mmarekani huyo akitajwa, wakubwa walinyamaza. Alichokumbuka ni macho ya bibi yake, ya kijivu, ambayo mtaa mzima wa Malindi, Unguja, hakuwa nayo mwengine.

"Nnaogopa asije akawa alikuwa akiuza watu," Nasriya alimwambia Kheiria, Bi Sayyida alipoondoka.

"Na akiwa hivyo, mama?"

"Basi tutasema hivyo."

Nasriya akasikia kwamba kijijini Bawshar yuko kizee wa Malindi, Bi Masouda, aliyepita umri wa miaka themanini. Akaomba nafasi kwenye Landrova ya wauza samaki, akafika kwenye mashamba ya mitende ananuka papa. Bi Masouda alikuwa mkali, na masikio yamemchoka.

"Nani? Paza sauti, kwani hujala?"

"Mmarekani, bibi! Mmarekani wa Malindi!"

"Aa, Mahfoudh seremala!" Kizee akacheka. "Nlimkuta mzee, ndevu kama pamba. Mji wao ukiitwa Salemu. Na Kiswahili chake! Mpaka anakufa akisema 'nyumba wangu'."

"Alikuwa mtu mwema?"

"Alikuwa baharia mtoro. Nahodha wake akimpiga, basi meli ilipotia nanga Unguja akajificha kwenye ghala la karafuu mpaka ikaondoka. Bakhita, muuza uji, akamlisha. Mahfoudh akasilimu, akamuoa."

Nasriya akainamisha kichwa. Bi Masouda akampiga kofi gotini.

"Ngoja, sijesha! Kikaja kipindupindu. Wenye pa kukimbilia walikimbia. Yeye akabaki, anawapa wagonjwa maji, anachonga mbao za makaburi, anazika. Nyumbani kwa bibi yangu walikufa wote, kasalia mama yangu, mtoto mdogo. Mahfoudh akamtoa kambeba mgongoni, Bakhita akamlea. Bila yeye mimi nsingezaliwa."

"Mbona kwetu walimficha?"

"Walimwonea haya tu. Hakuwa na kabila la kutaja. Wajinga!"

Nasriya alilia njia nzima ya kurudi, bila kujua hasa analilia nini. Kesho yake akaenda kwa Bi Sayyida, akamweleza yote, na utoro hakuuficha.

Sayyida akamsogelea.

"Bibi yangu alifiwa na dada zake wawili kwa ugonjwa huo, Unguja huko huko," alisema. "Hatukujua nani aliwazika." Akamshika mkono. "Harusi iwe baada ya Idi, inshallah."

Ikawa. Bi Masouda aliletwa kutoka Bawshar, akalalamika kwamba wali hauna chumvi, kisha akala sahani mbili. Kheiria, hina ikiwa bado mbichi mikononi, akamwomba amsimulie habari za Mahfoudh tangu mwanzo. Bi Sayyida akasogea karibu ili asikie.