Sinia la Baba na Seli za Majuu

Niliporudi kutoka Uingereza, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilirudi na diploma ya uuguzi niliyoisotea mwenyewe. Hakuna mjomba aliyenipeleka wala kanisa lililonichangia. Niliuza blauzi za mitumba Soko la Toi mpaka nikapata nauli, nikasoma huku nikitunza wazee wa watu, nikafaulu. Nayasema haya wazi kwa sababu siku ninayoikumbuka hapa, diploma ile ilifanya kazi.

Baba alikuwa fundi wa nguo hapo hapo Toi. Ukinunua suruali ya mzungu mnene, yeye ndiye aliyekupunguzia kiuno. Nilimkuta chumbani kwake Kabiro, Kawangware, mkono wa kulia umelala gotini, kidole gumba kikisuguana na cha shahada kama mtu anayepapasa kitambaa kujua ni pamba au ni nailoni. Uso wake haukucheka. Alisema tu, polepole, "Karibu, mama." Huniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake.

Sikuhitaji kuambiwa. Kule nilikotoka nilikuwa nimewavisha viatu wazee wengi wa namna hiyo. "Baba, hii ni Parkinson," nikamwambia. "Ni ugonjwa wa ubongo. Si uzee, wala hujarogwa."

"Hapa wanaita chang'aa," akajibu.

Ndivyo ilivyokuwa. Walimwona akitembea kwa vihatua vifupi, wakasema amelewa. Askari walimwokota njiani akitoka maombi, wakamlaza seli na Biblia yake mkononi. Uso ulipokauka, wakasema ana madharau. Cherehani alikwisha kuiacha. Kilichombakia ni sinia: kila Jumapili ya Meza ya Bwana, katika kanisa letu la mabati kule Kibera, yeye ndiye aliyepeleka vikombe vidogo vya juisi ya zabibu safu hadi safu. Sasa wazee wa kanisa walitaka kumnyang'anya hilo sinia. Wangeamua Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mbele ya washirika wote.

Nilivaa suti yangu ya bluu, nikaenda nimejaa habari. Kabla tu sijapanda ndege, runinga ya wodini ilikuwa imetangaza kwamba Marekani wamefaulu kukuza maabarani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa sehemu yoyote ya mwili, labda hata zile za ubongo zinazokufa kwa watu kama baba. Wagonjwa wangu walipiga makofi kwa mikono ile ile inayotetemeka. Nilitaka Kibera nayo ipige.

"Ndugu zangu!" nikaanza, sauti juu. "Majuu wamepata dawa ya huyu mzee. Dawa yenyewe ni seli! Siku moja baba yangu atatiwa seli, na kutetemeka kote kutakwisha!"

Mama mmoja mbele akashika shavu. "Ati seli? Si juzi tu ametoka huko!"

"Kumbe majuu ukiugua unafungwa?" kijana akadakia kutoka nyuma.

Baba akageuza shingo taratibu. "Mama, seli sirudi."

Watu wakaangua kicheko hadi mabati yakaitika, nami nikacheka nao. Nikaeleza: si seli ya polisi, ni chembe hai, zile ambazo mwili umejengwa nazo.

Mwenyekiti wa akina mama hakucheka. "Sista, hizo chembe zinatolewa wapi?"

Sikuficha. "Kwa mimba changa sana, iliyotungwa maabarani, ya siku chache tu."

"Mimba!" Akasimama. "Yaani mtoto achinjwe ndio mzee ashone suruali?"

"Lakini mathe," kijana yule akasema, "kama hiyo mimba ingemwagwa tu?"

"Imwagwe na nani? Na wewe?"

Benchi zikagawanyika. Nikawaambia kwamba hata huko wabunge na maaskofu wanagombana vivyo hivyo, wengine hawataki serikali itoe hata senti kwa utafiti huo. Watu walewale waliomwita baba mlevi sasa walikuwa wakibishania tiba yake!

Mchungaji akamgeukia baba. "Mzee, ukiletewa utakubali?"

"Hakuna aliyeniletea," baba akasema. "Zikifika nitaomba kwanza, halafu nitakujibu. Leo nauliza sinia langu."

Mzee wa kanisa mmoja akakohoa. "Hapo sasa. Seli ziko Marekani, sinia liko hapa. Watu wanasema tumempa mlevi meza ya Bwana."

Hapo ndipo aliponipa nafasi. "Tazameni mkono wake," nikasema. Ulikuwa gotini, unacheza. "Mlevi hutetemeka akishika kikombe. Baba hutetemeka akikiweka chini. Mpeni kazi muone!"

Wakajaza vikombe maji. Baba akainuka kwa shida, akalishika sinia, na mikono ikatulia. Haikutulia kabisa, vikombe vilinong'onezana. Lakini alipita katikati ya benchi hadi mlangoni bila kumwaga. Alipotaka kugeuka, miguu ikaganda, maji yakaruka.

"Si mnaona?" mzee wa kanisa akasema.

"Kugeuka ndiko kunakomsumbua," nikajibu. "Basi asigeuke. Afike mlangoni, mwingine alipokee sinia."

Kiongozi wa kwaya, aliyejulikana kwa kuiga mwendo wa baba vijana wakicheka, akatazama viatu vyake. "Nitalipokea mimi," akasema.

"Huyu sista amesoma," mama wa mbele akanong'ona.

"Nimesoma kweli," nikamwambia.

Toi nzima ikapata utani mpya. "Mzee, seli zimefika?" walimwuliza. Naye: "Bado. Ziko kwa ndege."

Jumapili ya Meza ya Bwana ilipofika, nilikaa pembeni mwa benchi. Baba alikuja safu kwa safu na vikombe vyake vinavyonong'onezana, kwaya ikiimba, na hakuna aliyeuficha mkono wake. Aliponifikia nilinyoosha wangu kuchukua kikombe. Kwa furaha niliyokuwa nayo, ulitetemeka hata juisi ikanidondokea kwenye suti ya bluu.

Baba akainama kidogo, uso mkavu kama kawaida.

"Mama," akanong'ona, "umekunywa?"