Maharage ya Kupimwa

Mtafiti wa mbegu hufika Kibabi na mizani ya ndoano shingoni kama msalaba wa askofu, na hunawa kwa maji ya chupa yake, kidole kimoja kimoja. Zamani mgeni alikula kwanza, ndipo akauliza; huyu huuliza huku anatafuna. Alizungushia kamba kipande cha shamba la Mama Uwamwezi, maharage yake yasiguswe mpaka aje kuyapima. Hakuja. Mvua ikaanza kuyaozesha, watoto wakalala njaa, Mama akavuna. Leo kafika, kakaribishwa. Akitafuna tonge la mwisho la sahani ya pili akauliza, kwa sauti yake laini ya katekista:

“Mama, maharage yangu ya kupima iko wapi?”

“Njo ile umekula, Papa. Pima tumbo yako.”

Akatazama mizani, akatazama sufuria, akasogeza sahani aongezwe.